Kabla ya kura ya Jumapili

Alhamisi usiku. Jumapili hii vijana wa kanisa letu hapa Kisauni, Mombasa, wanachagua mwenyekiti, na wiki nzima maneno ni yale yale: kijana fulani anafaa, ila ana moto. Ni mchapakazi, na kukiwa na msiba yeye ndiye wa kwanza kubeba viti. Lakini akiudhika hukujibu hata hujamaliza kusema. Wengi wanataka asubiri apoe. Jambo hili limenikosesha usingizi, nikafungua Biblia, na kama kawaida yangu nikaishia kwa Petro.

Sisi watu wa pwani husema hasira za mkizi furaha kwa mvuvi. Petro alikuwa mvuvi wa Galilaya, lakini mara ngapi yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mkizi, yule anayeruka kwa hasira na kuangukia chomboni mwa mvuvi! Anashuka chomboni amwendee Yesu juu ya maji, akiuona upepo anaanza kuzama. Katika Mathayo 16 anamkiri Kristo vizuri kabisa, na mistari michache mbele anamchukua kando kumkemea, hadi anaambiwa, "Nenda nyuma yangu, Shetani." Bustanini, usiku Yesu alipokamatwa, anafuta upanga na kumkata Malko, mtumwa wa kuhani mkuu, sikio la kuume. Usiku uo huo, penye moto wa makaa, anaapa hamjui Yesu, na jogoo anawika.

Yohana anautaja moto wa makaa tena baada ya ufufuo, safari hii ufuoni, pamoja na samaki na mkate. Hapo mimi husimama kila nisomapo. Yesu hamtajii jogoo. Anamuuliza mara tatu kama anampenda, na kila akijibu anakabidhiwa kondoo. Hakuambiwa kwanza akakae pembeni miaka mitatu apoe. Alilelewa na kazi yenyewe, na Yule aliyempa hiyo kazi.

Wala Pentekoste, siku aliposhukiwa na Roho Mtakatifu, haikumkamilisha. Wagalatia 2 inasema wazi: kule Antiokia Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, walipofika watu waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga kwa woga, na Paulo akampinga ana kwa ana mbele ya wote. Nguzo ya kanisa inasutwa hadharani! Hatuambiwi alijibu nini. Lakini waraka wa pili wa Petro unamwita Paulo "ndugu yetu mpenzi". Na katika Matendo 11, ndugu wa Yerusalemu walipomshutumu kwa kula na wasiotahiriwa, aliwaeleza jambo tangu mwanzo, hatua kwa hatua, na ndugu sita aliokwenda nao walikuwa hapo. Petro wa upanga asingeweza. Moto wake haukuzimwa, maana siku ya Pentekoste ndio uliomsimamisha mbele ya umati. Alichopata ni moyo wa kukubali kuulizwa.

Nimemkumbuka pia Askofu James Hannington, mmisionari Mwingereza, ambaye kanisa kuu la Kianglikana pale Nkrumah Road, la 1905, lilijengwa kumkumbuka yeye na wengine. Shuleni wenzake walimwita Jim Kichaa, na gumba la kushoto alilipoteza utotoni akichezea baruti. Mwaka 1885, kule Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa, mtu huyo ndiye aliyempa ushemasi William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kulelewa India. Mwaka huo huo Hannington aliuawa Busoga, katika Uganda ya leo, na Jones akawaongoza waliosalia kurudi pwani. Sitaki kusema haraka ya Hannington ilimwisha. Ninachokiona ni kwamba alikuwa amejifunza kuwaamini wengine na kazi.

Lakini aliyenifundisha haya kwa macho ni mzee mmoja wa kanisa letu. Ujanani alikuwa makanga, na ngumi zake zilijulikana stejini. Mwaka jana, katika kikao cha hesabu za harambee, mama mmoja alisimama: "Mzee, pesa za mabati ziko wapi?" Ukumbi ukanyamaza. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Taya lilimcheza, mshipa wa shingo ukamsimama. Akafunika kalamu kifuniko chake, taratibu, akaiweka mezani. "Umeuliza vizuri, mama. Leteni kitabu." Akasoma mstari kwa mstari, risiti kwa risiti, mpaka mama mwenyewe akasema yatosha. Yeye akaendelea hadi ukurasa wa mwisho.

Baadaye nilimuuliza hasira ilikwenda wapi. "Mwanangu, haijaenda popote. Nimezoea tu kuambiwa." Akanisimulia kwamba alipookoka, muda si mrefu, aligombana na mtu mlangoni mwa kanisa. Mchungaji wa wakati huo alimfanya aombe radhi mbele ya wote, kisha Jumapili iliyofuata akampa kikapu cha sadaka akizungushe. Akilisimulia hilo hadi leo macho humlenga machozi.

Basi kuhusu kijana wetu, swali langu si kama amepoa. Je, anaambilika? Juzijuzi mwalimu wa kwaya alimkosoa mbele ya wenzake, akatoka kwa kishindo. Mazoezi hayajaisha akarudi, akaomba msamaha, akasimama kwenye safu yake ya besi. Kura yangu anayo. Na nimeshamwomba mzee, akichaguliwa, awe anakaa naye kabla ya kila kikao cha kamati. Amekubali, mradi kijana mwenyewe aje kumwomba.