Ukuta wa kinyozi

Leo nimeenda kunyoa mtaa wa Langoni, Lamu, nikamkuta kinyozi wangu anapaka ukuta rangi.

Picha zote kazishusha. Mkononi kabaki na moja, kipande cha gazeti cha 2016: Jemima Sumgong, Mkenya wa kwanza mwanamke kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Rio.
Siku ile tulipiga kelele mpaka punda wa nje wakakurupuka!

2017 akapatikana na EPO, ile dawa ya kuzidisha chembe nyekundu za damu. Akafungiwa miaka 4, kisha ikawa 8 kwa nyaraka za matibabu za uongo.

"Niirudishe?" kaniuliza.

Nikanyamaza.
Ukutani pamebaki alama ya mraba, nyeupe kuliko kwengine.

Siku hizi wetu akishinda nusu nafurahi, nusu nasubiri vipimo.

Jamani, nyie mngeirudisha?