Ami, ongeza!

Jana nlimpeleka kijana wangu Tivoli, ile bustani ya michezo hapa Copenhagen, manake shule zimefunga na mvua ilikuwa imeamua kutuonea huruma siku moja. Nimerudi miguu inaniuma, sauti imekauka, na tangu usiku kichwa changu kiko Makadara, Mombasa, kwenye pembea za Idi. Wacha niandike kabla hayajanitoka.

Watu wa Mombasa mnajua, kwetu kitu chochote kinachombeba mtoto kikamrusha au kikamzungusha jina lake ni pembea, hatuna haja ya majina kumi. Sa jana nasimama kwa laini ya lile gurudumu kubwa la Tivoli, lile la tangu 1943 lenye vibehewa kama maputo, naangalia kibao kimeandikwa Ballongyngen, na mimi Kidenmaki changu ni cha kuunga unga lakini gynge naijua, ni ile ile pembea wanayopanda watoto shule ya chekechea ya hapa mtaani. Kumbe na hawa wenyewe gurudumu zima wanaliita pembea! Nlicheka peke yangu mpaka mama mmoja akasogea mbali nami kidogo.

Tivoli ni kuukuu, ilifunguliwa 1843, Sayyid Said bado anatawala Unguja. Lakini mambo mapya yamejaa. Kuna moja inaitwa Dæmonen, ya 2004, inakupindua kichwa chini miguu juu mara tatu na ukishuka hujui kibla kiko wapi. Nimepanda mara moja tu maishani, sirudi. Na si woga (sawa, woga upo), ni kwamba ile kitu haina mtu. Unafungwa, mlango unajifunga, kompyuta inaamua, unapiga mayowe na mayowe yako hayaendi kwa yeyote.

Ndio nakuja kwa Rutschebanen. Hii ni reli ya mchezo ya mbao, imejengwa 1914, mwaka ule ule Waingereza walipokwenda Tanga kupigana na Mjerumani wakafukuzwa na nyuki. Kwa macho haitishi, inapanda na kushuka ndani ya kitu kama mlima wa kutengeneza. Lakini katikati ya kila treni anakaa mtu. Mtu kabisa, binadamu, ana kazi yake ya kushika breki. Reli haina ujanja wa kulipunguza lile treni lenyewe, likishapandishwa juu linaachiwa liteleze kwa uzito wake, na ni yeye anayejua wapi alibane na wapi aliwache, leo mzigo ni mzito, leo mbao zimelowa, hiyo yote iko mikononi mwake. Za namna hii zimebaki chache sana duniani. Jana wetu alikuwa kijana tu, hata ndevu hana, amekaa mgongo wima kama dereva wa matatu anayejua njia. Kijana wangu alikuwa nyuma yake hasa, na nikamwona anachungulia ule mkono muda wote, hata mandhari hakuangalia.

Hapo ndipo nikapotea.

Kwa sababu pembea yetu ya Makadara ilikuwa haina injini wala stima. Miti miwili imesimikwa, ekseli ya chuma katikati, visanduku vinne vya mbao vimepakwa rangi ya kijani na nyekundu, kila kimoja watoto wawili au watatu wakibanana, na chini mwanamume mmoja kifua wazi, kikoi kimekazwa, jasho linamtiririka tangu mchana. Anakidaka kisanduku kinaposhuka, anakisukumiza kwa uzito wote wa mwili wake, kinachofuata anakidaka tena, hivyo hivyo mpaka gurudumu linashika kasi na yeye anabaki kuligusa gusa tu kwa kiganja. Ekseli inalia kwiii, kwiii, akisikia imezidi analisimamisha na kuipaka grisi na sisi tuko juu tunaning'inia. Jina lake sikulijua. Tulimwita ami kama tulivyowaita wanaume wote.

Na ami alikuwa anasikia! Hiyo ndiyo yenyewe. Unalipa ile shilingi tano ya pembe saba yenye kichwa cha Moi, uliyopewa mkono wa Idi na nyanya, na mizunguko anahesabu yeye kwa mdomo, kwa hivyo kila kitu ni mapatano. Ami, ongeza! Ami, ile haikuwa kumi, ile ilikuwa nane! Ami, huyu mtoto analia, punguza! Akitupenda anatuongezea miwili, akiudhika na wale watoto wakubwa wanaotema mate kutoka juu anawashusha saa hiyo hiyo na pesa harudishi. Siku moja adhana ya maghribi ilitoka sisi tuko kileleni, akafunga gurudumu kwa kamba akaenda zake kuswali. Tulikaa kule juu na magauni yetu ya mafrili, tunaangalia mapaa ya mabati na moshi wa viazi karai, na ni kule juu ndiko nlikomwona dadangu yuko kwa muuza achari anakula pesa aliyoniambia imepotea. Nlipiga kelele, nani atanisikia, spika zote za misikiti zinaita. Akarudi ami, akatuzungusha kumi kamili kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wakati ule nlikuwa namwonea huruma? Hapana, mtoto haoni kitu kama hicho. Jana ndio nimefikiria ile mikono, Idi mosi, pili, tatu, nne, kutwa nzima anasukuma watoto wa watu. Sijui wake walikuwa wanapanda saa ngapi.

Basi usiku nlimrekodia dadangu voisi ndefu, nikamwambia yote haya, nikamuuliza kama zile pembea za mkono bado zipo. Akajibu kwamba sikuhizi watoto wake wanataka ile midude ya kujazwa upepo wanarukaruka, na kuna zenye injini ya dizeli zinanuka mpaka unashindwa kula, na pesa ya achari hajawahi kuichukua, mimi ni mzushi.

Halafu akatuma ya pili, anacheka hata maneno hayatoki: "We nawe, ongeza gani? Si wewe uliyekuwa ukilia ushushwe, ami akakubeba mgongoni akakuleta kwa mama, gauni limelowa?"

Sikulia mimi. Au labda ilikuwa Idi pili.