Nilivyoitunza mbegu ya mtama unaostahimili kiduha

Shamba la mama yangu lililoko Mvumi, wilayani Chamwino, lilisumbuliwa na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, tangu nikiwa mtoto. Mtama ulifika magotini, kisha ukaanza kunyauka kana kwamba mvua imekatika, ilhali udongo bado ulikuwa na unyevu, na baada ya siku chache vimaua vyekundu vikachomoza kuzunguka mashina. Kufikia hapo hasara imekwisha kutokea, kwa sababu kiduha huanza kuufyonza mtama kikiwa bado chini ya ardhi.

Nilinunua mbegu ya Hakika, aina ya mtama unaostahimili kiduha, ambayo pamoja na mwenzake Wahi iliidhinishwa nchini Tanzania mwaka 2002. Zote mbili zilitokana na utafiti wa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia anayefanya kazi Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Mbegu ya kiduha ni ndogo kama vumbi, nayo hulala udongoni miaka mingi ikingoja kuamshwa na kemikali inayotolewa na mizizi ya mtama. Mizizi ya Hakika hutoa kidogo sana kemikali ya kuiamsha.

Msimu wa kwanza ulinifurahisha. Msimu wa pili nilipanda mbegu niliyoihifadhi mwenyewe, na karibu na zizi, penye samadi nyingi, ikaota mimea michache mirefu yenye masuke makubwa kuliko yote. Niliyachagua hayo kuwa mbegu, tena kwa majivuno. Msimu wa tatu shamba likawa na mtama wa kila kimo, na kiduha kikarudi.

Nililielewa kosa langu baadaye. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, lakini chavua kiasi huletwa na upepo, na majirani zetu wote hupanda mtama mrefu wa kienyeji. Machotara wa namna hiyo huwa na nguvu na masuke ya kuvutia, lakini tabia ya kukinyima kiduha kemikali hujificha mara tu mzazi mmoja anapoikosa. Kwa hiyo nilikuwa nimechagua kwa mkono wangu mimea ileile niliyopaswa kuing'oa.

Nilianza upya kwa mbegu mpya ya dukani. Katikati ya shamba, mbali na mipaka, niling'oa kila mmea uliowazidi wenzake kimo kabla haujachanua, kisha nikafunika masuke 60 kwa mifuko ya karatasi ya khaki. Kazi hii ina saa yake: maua ya mtama huanza kufunguka kwenye ncha ya suke na kushuka taratibu kwa takriban wiki moja, kwa hiyo mfuko uvalishwe suke likiwa limetoka lote lakini ncha haijaonyesha hata uzi mmoja wa njano. Mama alisimama akinitazama, akauliza, "Mwanangu, siku hizi mtama nao unavaa kofia?"

Mvua ilichana mifuko kadhaa, na masuke yake nikayaondoa kwenye hesabu. Iliyobaki niliivua baada ya wiki tatu, kwa kuwa joto na unyevu wa ndani huleta ukungu, na ndipo ndege waitwao kweleakwelea walipoingia. Hapo hapakuwa na ujanja zaidi ya watoto na makopo. Nilivuna masuke 41, nikayaning'iniza juu ya jiko la kuni. Kabla ya kupanda nililaza punje 100 kwenye kitambaa chenye maji, zikaota 88.

Mbegu hiyo, kilo moja na kidogo, ilitosha robo ekari, nayo ndiyo sasa inayolisha shamba zima. Majirani wanataka kununua, lakini nimewaeleza kwamba mbegu ya kuuza, hata ile ya daraja la kuazimiwa inayozalishwa na wakulima wadogo, ni lazima shamba lake likaguliwe kwa utaratibu wa TOSCI, taasisi inayosimamia ubora wa mbegu nchini, nami bado sijajiandikisha. Msimu huu mimea mirefu ilijitokeza mitatu tu katika robo ekari ile. Niliing'oa kabla ya kuchanua, mama akawapa mbuzi.