Mungu kaa kwenye kiti cha mama

Kijana wangu ana miaka 8 sasa na ana selimundu. Tulijua akiwa na miezi 9, vidole vya mikono na miguu vilivimba akalia usiku kucha, nikadhani kaumwa na mdudu, jirani akasema jicho la mtu, kumbe ni zile chembe za damu zinajikunja kama mundu zinaziba njia na damu haipiti. Mimi na baba yake wote tunabeba vinasaba vya huu ugonjwa na hatukuwa tunajua, maana sisi wenyewe hatuumwi. Daktari alituambia kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 kati ya 4. Inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa nao kila mwaka hapa Tanzania, kwahiyo najua kuna mama anasoma hapa anaelewa kabisa nachosema.

Kilichokuwa kinamtesa sana ni sindano, kuliko hata yale maumivu ya mifupa. Mishipa yake midogo alafu akipungukiwa maji inapotea kabisa, unakuta nesi kachoma mkono wa kulia wapi, wa kushoto wapi, anahamia mguuni, na anayemshika ni mimi. Mtoto ananiangalia usoni anasema mama niachie. Ikafika mahali akiona koti jeupe, hata la muuza nyama buchani, anajificha nyuma ya kanga yangu. Alafu akaanza kuficha maumivu. Mgongo unamuuma, anasema mi mzima mama, ili tu tusimpeleke. Hapo ndo niliogopa kwelikweli, maana huu ugonjwa ukichelewa unaweza kumpoteza mtoto.

Na mimi nilikuwa nimechoka. Nilifunga, nilikesha, mtumishi mmoja akaniambia kama naendelea kumpa dawa basi sina imani, nikaacha folik asidi na haidroksiyurea wiki 3 nzima. Homa ikamkuta humo humo, kipimo cha wingi wa damu kikashuka mpaka 5, tukalazwa akaongezewa damu. Mpaka leo nikikumbuka najisikia vibaya. Mtu akikwambia hivyo kuhusu mwanao usimsikilize jamani, omba NA dawa mpe, Mungu hakasiriki mtoto akimeza kidonge.

Sasa usiku ule wodini, kama saa 4 hivi, nikataka kushuka kununua maji ya kunywa. Nikajua ataanza kulia. Akafumba macho akasali kwa sauti, wodi nzima inasikia: Mungu mi naogopa sindano, mama anaenda dukani, kaa kwenye kiti cha mama. Amina. Alafu akaniambia haya nenda.

Sikwenda mbali, nilikaa kwenye ngazi nikalia. Hakuomba asichomwe. Mimi miaka yote ile sala yangu ilikuwa moja tu, ondoa, ondoa, ondoa, na isipoondoka naona sijasikilizwa, sijawahi hata siku moja kumwambia Mungu naogopa, kaa hapa. Mtoto wa miaka 6 ndo kanifundisha.

Asubuhi akaja nesi mmoja mtu mzima, Mungu ambariki popote alipo, akamnywesha maji kwanza, akalowesha kitambaa maji ya uvuguvugu akamfunga mkononi mishipa ijitokeze, akamuuliza tuchome mkono upi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Akasema wa kushoto maana wa kulia naandikia. Akahesabu mwenyewe mpaka 10, machozi yanamtoka, anatetemeka, lakini mkono hakuuvuta, na mara hii mimi sikumshika.

Mwezi wa 7 mwaka jana tulienda msibani Njombe, na baridi ni adui wake mkubwa. Nilimvalisha masweta mawili na soksi nzito lakini wapi. Saa 8 usiku akaniamsha yeye mwenyewe, mama goti la kushoto limeanza, twende wakaniangalie. Chupa ya maji anayo mkononi, kashakunywa nusu. Yule yule aliyekuwa ananificha! Nikampigia shemeji akatutafutia bajaji, nikaingia nikamsogelea nimkumbatie asipigwe na upepo, akanisukuma kidogo na kiwiko.

Mama sogea huko, acha nafasi.