Jinsi nilivyojua kama changamoto yangu ilinibadilisha

Changamoto niliyojiwekea, kusoma alfajiri na kufanya mazoezi jioni, ilipoisha, swali moja lilinikaa kichwani: nimebadilika kweli, au nilijikaza tu mpaka muda ukatimia? Alama za vema kwenye kalenda hazikunijibu. Zilionyesha nilichofanya, si kama kilikuwa kimeanza kuwa chepesi.

Jibu nililipata kwenye daftari. Kila usiku nilikuwa naandika sentensi moja kuhusu siku hiyo, basi nikaziweka kurasa za wiki ya kwanza kando ya zile za mwisho. Mwanzoni: "Kengele imelia, nimebishana nayo, nimesoma huku nasinzia." Mwishoni: "Nimefika sura ya nne, hoja ya mwandishi siikubali kabisa." Kengele haitajwi tena! Furaha niliyoipata hapo sikuipata kwenye kalenda yote.

Ulinisaidia pia utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2009. Kwa wastani ilichukua siku 66 tendo jipya kuwa mazoea, ila watu walitofautiana sana: makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Na kukosa mara moja hakukuvuruga mwendo. Kwangu hilo lilikuwa jambo kubwa, maana siku nilizokosa zilikuwa zikininyima raha.

Mazoezi bado hayajakolea. Nimeyahamishia alfajiri, mara tu ninapofunga kitabu, ili yafuate tabia ambayo tayari imeshika.