Ukimya Mtukufu si Ububu

Ndugu katika Dhamma, mafundisho ya Budha,

Huku kwetu mtu hapitwi bila salamu. Ukimkuta mzee asubuhi pale Kirumba ukapita kimya bila hata "mwangaluka", kabla ya jua kuzama habari imeshafika nyumbani kwamba una kinyongo. Ndiyo maana anayetoka Mwanza kwenda mafungo ya kimya, yaani siku za kujitenga na kutafakari bila kusema, husutwa na moyo siku ya kwanza kabisa: amepishana na mwenzake njiani, wote wameinamisha macho, na anajiona kama aliyetukana.

Vinaya, kanuni za watawa wa Budha, ina kisa kinachomhusu mtu huyo. Watawa fulani katika Kosala, nchi ya India ya kale, walikaa vassa, ile miezi 3 ya mvua, wakiwa wamepatana wasisemezane kabisa ili waepuke ugomvi. Walipomfikia Budha walieleza kwamba wameishi kwa raha. Hakuwasifu. Aliwaambia wameishi kama kondoo, akakataza kiapo cha ububu, na badala yake akaweka Pavarana: vassa inapokwisha, kila mtawa huwaomba wenzake wamwambie kosa waliloliona kwake, walilolisikia au wanalolishuku. Na bado ni Budha huyohuyo anayefundisha katika hotuba iitwayo Ariyapariyesana Sutta kwamba wanaokutana wana mambo mawili ya kufanya: kuzungumza Dhamma, au kukaa katika ukimya mtukufu. Alichokataa ni kunyamaza kwa kukwepana.

Kwa hiyo mafungo mazuri huanza kwa kusema sana. Waambie wa nyumbani utaondoka lini, utarudi lini, na nani atapokea simu ya dharura kwa niaba yako. Mwachie mtu funguo za duka. Anayekudai mweleze siku utakayomlipa, la sivyo deni hilo utakaa nalo kwenye mto wa kutafakari siku zote. Kisha mwandikie mwalimu mapema kuhusu afya yako. Wengi huficha hapa, kwa kudhani watakataliwa. Katika miiko minane inayoshikwa mafungoni, kula huisha adhuhuri. Mwenye vidonda vya tumbo, kisukari au dawa zinazomezwa na chakula cha jioni lazima apangiwe utaratibu wake, na hilo halihesabiwi kuwa udhaifu. Dawa za presha, kifafa au za akili haziachwi kwa sababu ya mafungo. Aliyewahi kuugua akili azungumze na daktari wake pia, maana saa nyingi za kukaa kimya huweza kuamsha yaliyolala.

Mapokeo ya msituni, ya watawa wanaoishi na kutafakari porini, yanayojulikana zaidi yako Thailand: mtawa Ajahn Chah alianzisha monasteri ya Wat Nong Pah Pong mwaka 1954, na mwaka 1975 ikafunguliwa Wat Pah Nanachat, jirani yake huko Ubon Ratchathani, kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunaweza kuanza karibu zaidi. Uganda Buddhist Centre, aliyoianzisha mtawa Bhante Buddharakkhita mwaka 2005, iko upande wa Entebbe, karibu na ziwa hilihili tunalochota maji. Utakwenda kwa meli ya usiku hadi Bukoba, au kwa basi kupitia daraja la Kigongo–Busisi, kisha Mutukula na Masaka. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Usifunge safari kabla hujajibiwa kwamba kuna nafasi, na panga kufika mchana, siku moja kabla ya mafungo. Anayeingia usiku akiwa amechoka hulala vikao viwili vya kwanza.

Ndugu zetu wa dagaa wanajua kalenda hii bila kufundishwa. Mwezi ukipevuka taa hazivuti dagaa, mitumbwi hupumzika, na siku hiyohiyo ndiyo Uposatha, siku ya kushika miiko. Mwiko wa kwanza, kutoua kiumbe hai, unagusa kazi yao moja kwa moja, na hatutajifanya hatulioni hilo. Waanze na usiku ambao wavu umekauka.

Mzigo uwe mdogo: nguo nyeupe zilizolegea, chandarua, dawa ya kujipaka (mbu wa huko nao hawauawi), tochi, kandambili. Kina mama, acheni kanga zenye maandishi. Kanga yenye jina inaongea, na yule aliyeketi nyuma yako atalisoma saa nzima. Chukueni shuka tupu. Ikunje na uikalie mpaka nyonga ziwe juu kidogo kuliko magoti; magoti yakibaki juu, mgongo hupinda na miguu hufa ganzi. Ganzi inayoondoka ukisimama haina neno. Maumivu makali ndani ya goti ni onyo, omba kiti.

Siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu: njaa ya jioni, usingizi baada ya mlo, hamu ya kurudi nyumbani. Kwa usingizi tunalo shauri ambalo Budha alimpa mwanafunzi wake Moggallana alipokuwa akisinzia: badili unachokizingatia, kumbuka na ukariri Dhamma uliyoisikia, vuta masikio na ujisugue viungo, simama unawe macho na utazame nyota, leta mwanga akilini, tembea huku na huku, yote yakishindikana, lala kwa ubavu wa kulia ukiwa umejiwekea saa ya kuamka.

Ukimya wenyewe huvunjikia mahali palepale kila mara: kwenye karo la kuoshea vyombo. Huanza na ishara ya jicho, inafuata kunong'ona, kisha kicheko. Vikaratasi navyo ni maongezi. Simu ikabidhiwe ikiwa imezimwa, kwa sababu hata isipoita, mkono huitafuta. Ila kwa mwalimu unasema, tena wazi, na ukiona moto au mtu ameanguka piga kelele. Kuhusu salamu, kutana na mwenzako, unganisha viganja kifuani, inama, endelea. Umemsalimu.

Siku ya kufungua kinywa watu humwaga maneno kama mtumbwi uliotoboka, na jioni kichwa kinauma. Ongea kidogo, na mtu mmoja, kuhusu mambo madogo. Simu usiiwashe mpaka umeshaketi ndani ya basi, na uanze na nyumbani, makundi yote yasubiri. Ukifika Mwanza, mzee wa Kirumba ndiye wa kwanza: simama mbele yake, mpe salamu yake nzima, umsubiri amalize kuitikia.