Kabla hujaniagiza koili

Ukishatia mguu Uingereza, nyumbani unahesabiwa una duka. Zamani orodha ilikuwa simu, viatu na manukato. Siku hizi Unguja imejaa gari za mtumba kutoka Japani, na orodha imegeuka ya vipuri. Mdogo wangu wa Fuoni hakuzunguka: "Assalaam alaykum kaka. Gari inatetemeka vibaya ikiwa sailensa. Fundi kasema koili zote nne na throto. Hebu niangalizie huko."

Sailensa ni injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, koili ndiyo inayotoa umeme wa kuwashia petroli, na throto ni mlango wa hewa ya injini. Kuagizwa si taabu. Taabu ni kwamba hakuna aliyepima kitu. Fundi kasikiliza, katikisa kichwa, kataja vya bei.

Hapa Leicester naelewa kwa nini mafundi wanabadilisha tu. Saa moja ya kazi yao inaweza kuipita bei ya koili, basi fundi akikaa kuchunguza nusu ya siku, mteja ndiye anayelia. Halafu kuna ukaguzi wa kila mwaka: tangu 2018, gari nyingi za petroli zikifika pale na taa ya injini inawaka, zinaanguka hapohapo. Kwa hivyo mtu akiiona taa anakimbilia gereji. Kwetu mambo kinyume. Muda wa fundi ndio nafuu, kipuri ndicho kinachotoa jasho, na ile taa nimeshaiona imezibwa kwa stika ya timu ya mpira. Pahala panapofaa watu wapime sana kabla ya kununua, ndipo wanapokisia. Linaniudhi, na nilimwambia.

Nikamtumia maswali. Inatetemeka ikiwa baridi tu, au hata ikishapata moto? Ukiwasha AC inataka kuzimika? Ukitoa gia ya D, ya kwendea mbele, ukaweka N, ya huru, inatulia? Ukikanyaga mafuta mtikisiko unaondoka?

Throto ikiwa chafu, ile hewa kidogo ambayo injini inaitegemea wakati hujakanyaga mafuta haipiti sawasawa, ndiyo maana mzigo wa AC unataka kuizima. Mpira wa kupitishia hewa ya injini ukipasuka baada ya throto, inaingia hewa isiyopimwa, mafuta yanakuwa machache kwa hewa iliyopo, na kasoro inaonekana zaidi gari ikiwa imesimama. Ukikanyaga, hewa inayopita ni nyingi mno kwa mpasuko mdogo kuleta tofauti. Mipira ya kushikia injini ikichoka, bodi linatikisika lakini mshale wa mizunguko umetulia. Na silinda moja, yaani chumba kimoja kinachounguza petroli, ikiwa inamisi, haiwaki, isikilize kwenye ekzosi: inapiga, inapiga, inaruka.

Yake ilikuwa inaruka. Akanipigia video, kwangu saa mbili za usiku, kwao saa tano, na nina hakika mtaa mzima ulikuwa macho. Mshale haukai pahala pamoja. Kifaa cha kusomea makosa ya injini alichoazima kikakataa kuzungumza na gari. Gari zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 mara nyingi hazielewani na vile vya bei rahisi. Haidhuru, mikono ipo.

Zima, chomoa soketi ya koili ya kwanza, washa, sikiliza, zima, rudisha. Ya kwanza: injini ikazidi kuyumba, maana yake silinda hiyo ilikuwa kazini. Ya pili vilevile. Ya tatu: hakuna kilichobadilika hata kidogo. Hapo nikakaa vizuri kwenye kiti. Silinda ukiikatia moto na injini isijali, basi ilikuwa haifanyi kazi tangu mwanzo. Ya nne nzima. Nikamwambia koili ya tatu aihamishie ya pili, na ya pili aipeleke ya tatu. Kama koili ndiyo mbovu, ugonjwa ungehama nayo. Haukuhama. Koili nne, pesa zangu, zikanusurika.

Plagi, zile zinazotoa cheche ndani ya silinda, alizitoa asubuhi, injini imeshapoa. Akazileta moja moja karibu na kamera. Tatu zina rangi ya kahawia, kavu. Ile ya silinda ya tatu nyeusi, imelowa petroli, na kwenye kauri yake nyeupe kuna mstari mweusi mwembamba kama unywele, umeteremka mpaka kwenye chuma. Moto ulikuwa unapita hapo badala ya kuruka kwenye ncha. Tena haikuwa aina moja na wenzake. Kuna mtu aliwahi kuipachika peke yake. Nikamuuliza kaendesha hivyo muda gani, akabadilisha mazungumzo. Petroli isiyoungua huenda kuwakia kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na masega yakiyeyuka hata mimi siagizwi tena.

Akanunua plagi nne za aina moja hukohuko mjini, nafasi ya ncha ikapimwa kama kitabu cha gari kinavyotaka, akaanza kuzikaza kwa mkono kabla ya spana. Mshale ukatulia karibu na mizunguko 700 kwa dakika. Ikabaki filimbi ndogo: mpira wa hewa umekauka ncha. Akakata sehemu iliyopasuka, akauchomeka tena, filimbi ikakatika. Soketi za koili nazo zilikuwa na kutu ya kijani, akazisafisha. Huku Uingereza chumvi inamwagwa barabarani wakati wa barafu na kula vyuma vya chini. Kwetu inaletwa bure na upepo wa bahari, inaingia mpaka ndani ya boneti.

Jana kanitumia ujumbe mwingine. Kwenye D bodi bado linatikisika kidogo, na fundi kasema mpira wa injini wa upande wa kulia. Nimemjibu wafungue boneti, fundi akae kwenye usukani, mguu kwenye breki, atie D kisha R, ya kurudi nyuma, naye asimame ubavuni, asikae mbele ya gari, apige video injini inaruka kiasi gani. Akileta hiyo, naununua.